Tuulize: Fuvu la Mkwawa, tunda la Edeni na mbuzi wa Azazeli

Barua za safari hii zimetoka Makete hadi Vwawa. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: jina hili au msemo huu ulianzia wapi, na je, kitabu chenyewe kinasema hivyo tunavyosema sisi? Tumerudi kwenye mistari na tarehe, tukajibu kwa kadiri ya uzito wa kila swali.

SWALI (Kalenga, Iringa): Mwalimu wetu wa Historia alitufundisha kwamba fuvu la Chifu Mkwawa limeandikwa katika mkataba wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza. Wenzangu wanabisha, wanasema mkataba wa wakubwa wa dunia hauwezi kushughulika na fuvu la mtu mmoja. Nani mkweli? Na lililoko makumbusho hapa kwetu ni lenyewe?

JIBU: Mwalimu wako ni mkweli. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919 na una vifungu 440. Kifungu cha 246 kinaipa Ujerumani miezi 6, tangu mkataba uanze kutumika, irudishe vitu viwili. Cha kwanza ni Msahafu wa asili wa Khalifa Uthmani, ambao Waturuki walidaiwa kuuchukua Madina na kumpa Kaizari Wilhelm wa Pili. Huo urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Cha pili ni fuvu la "Sultani Mkwawa", likabidhiwe serikali ya Uingereza. Madina na Uhehe zimewekwa kifungu kimoja, moja baada ya nyingine. Wabishi waonyeshe namba ya kifungu.

Fuvu liliingiaje humo? Mkwavinyika, ndiye huyo Mkwawa, chifu wa Wahehe na mwana wa Munyigumba, alilivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, akafa siku hiyo. Wajerumani walirudi wamejipanga, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakujisalimisha. Alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne zaidi, huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Askari waliofika walimkuta maiti; kichwa kikakatwa na kuchukuliwa.

Vita Kuu ilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza katika nchi hii, aliishauri serikali yake ilidai fuvu. Sababu zake zilikuwa za kisiasa: Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani, na kurudishwa kwa fuvu kungewaonyesha watu kwamba utawala wa Mjerumani umekwisha kabisa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama. Wanaandika kwamba fuvu lilirudishwa mwaka 1919. Hapana. Mwaka huo liliandikwa tu. Ujerumani ilisema haina fuvu hilo, na Waingereza wakaacha kulifuatilia. Lilirudi 1954, miaka 35 baada ya mkataba, kwa juhudi za Gavana Edward Twining, na aliyelipokea ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Sasa kuhusu kama ni lenyewe. Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu kama 2,000. Kati ya hayo 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliyachuja kwa vipimo: yale yaliyokaribiana na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai yakawekwa kando, na katika hayo akachagua moja lenye tundu la risasi. Udhaifu wa njia hiyo unaonekana ukiufikiri kwa utulivu. Vipimo vya kichwa vinaweza kuonyesha kufanana, lakini haviwezi kumtaja mtu mmoja kwa jina. Na tundu la risasi katika fuvu lililotoka kwenye nchi iliyokuwa na vita vya miaka mingi si alama ya mtu mmoja tu. Ndiyo maana wako wanahistoria wanaotia shaka. Katika mtihani andika hivi: fuvu lililoko Kalenga ndilo lililokabidhiwa rasmi 1954 na kupokewa na ukoo kuwa la Mkwawa, utambuzi wake ulifanywa kwa vipimo na tundu la risasi. Sentensi hiyo haina kosa upande wowote, na haimvunjii heshima marehemu.

SWALI (Makete): Mimi ni mkulima wa maepo. Kila nikiyapeleka mjini hakosekani wa kunitania kwamba nauza tunda lililomponza Adamu. Biblia inasema ni epo?

JIBU: Haisemi. Soma Mwanzo sura ya 2 na ya 3 mstari kwa mstari. Utakuta mti wa ujuzi wa mema na mabaya, utakuta matunda yake yanapendeza macho, lakini jina la tunda hulikuti. Qurani nayo hailitaji: katika Al-Baqara aya ya 35 wanakatazwa kuukaribia "mti huu", na katika Taha aya ya 120 Shetani anauita mti wa milele. Mti wa matunda pekee unaotajwa kwa jina katika kisa cha Mwanzo ni mtini, ambao majani yake waliyashona wakajifunika (3:7). Kwa hiyo wataalamu wa Kiyahudi wa kale, katika Talmudi, waligawanyika: huyu alisema ni tini, huyu zabibu, mwingine akasema ni ngano. Epo halikuwamo katika mabishano yao.

Lilipatikana kwenye lugha ya Kilatini. Katika lugha hiyo neno *malum* likitamkwa kwa "a" fupi ni uovu, na likitamkwa kwa "a" ndefu ni epo. Biblia ya Kilatini ya Yeronimo, aliyoanza kuishughulikia mwaka 382, ndiyo iliyosomwa Ulaya Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wasomaji wake waliyaona maneno hayo mawili yakigongana. Tena *pomum*, tunda lolote kwa Kilatini, lilizaa neno la Kifaransa *pomme*, ambalo polepole likabaki kuwa jina la epo peke yake. Wachoraji wakamalizia kazi. Mchoro wa Adamu na Hawa wa Mjerumani Albrecht Dürer ni wa 1504. Baadaye John Milton, katika utenzi wake mkubwa wa 1667, akaliita tunda hilo epo waziwazi. Picha ikishaingia kwenye vitabu vya watoto, ni vigumu kuitoa.

Wewe mkulima una hoja ambayo hata mchoraji hakuwa nayo. Mwepo unataka kipindi cha baridi ya kutosha ili macho yake yaamke na kutoa maua kwa pamoja. Ndiyo maana unakubali Makete na Njombe. Ukiupeleka Kyela kwenye joto la ziwa utakupa majani kuliko matunda. Mito miwili ya Edeni ambayo bado tunaijua, Hidekeli na Frati, inashuka kwenye bonde la Iraki, nchi ya mitende. Mtu akikutania, mwambie hayo, kisha umuuzie kilo mbili.

Kuhusu jina: vitabu vingi huandika tofaa, neno lenye asili ya Kiarabu. Lakini Pwani na Visiwani tofaa ni tunda jingine kabisa, laini, lenye maji mengi na kokwa ndani, la mti wa nchi ya joto. Ukimwandikia msomaji wa Unguja "tofaa la Makete", ataona ajabu. Na huo msemo wa mjini wa "kula tunda" kwa maana ya kukutana kimwili hauna mizizi kwenye Mwanzo. Amri ya kuzaa na kuongezeka imetolewa katika 1:28, kabla katazo la mti halijatajwa, kwa hiyo tendo hilo haliwezi kuwa ndilo tunda lililokatazwa.

SWALI (Soweto, Mbeya): Shikamoo Mhariri. Magazetini nasoma "kocha amefanywa mbuzi wa kafara". Kanisani tunasoma habari za mbuzi wa Azazeli. Ni mbuzi yule yule?

JIBU: Marahaba. Ni mbuzi wawili, na gazeti limewachanganya.

Fungua Walawi 16. Katika Siku ya Upatanisho Haruni anatwaa mbuzi wawili na kuwapigia kura. Mmoja anaangukia kwa Bwana. Huyo anachinjwa na damu yake inaingizwa patakatifu. Wa pili anaangukia kwa Azazeli, naye hachinjwi. Kuhani anaweka mikono yake *yote miwili* juu ya kichwa chake, anaungama maovu yote ya Waisraeli, kisha mtu aliyewekwa tayari anamwongoza hadi nyikani na kumwachia huko. Mtu huyo haruhusiwi kurudi kambini mpaka afue nguo zake na kuoga (mstari wa 26). Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichoandikwa baada ya Hekalu kubomolewa, inaongeza kwamba mbuzi alifungwa uzi mwekundu, njiani kulikuwa na vibanda 10 vya kumpumzishia mwongozaji, na mwisho wa safari mbuzi alisukumwa kwenye genge ili asije akarudi na mzigo wake mjini.

Kwa hiyo anayebebeshwa makosa ya wengine ni yule wa pili, aliye hai. Kocha anayefukuzwa kwa makosa ya wachezaji na viongozi ni mbuzi wa Azazeli. Anayetolewa kafara ni anayepotea ili wengine wapone, awe amebebeshwa lawama au hakubebeshwa. Mwandishi makini atenganishe.

Neno kafara lenyewe linastahili kutazamwa. Limetoka Kiarabu, *kaffara*, kifuta dhambi, na mzizi wake wa herufi k-f-r ni ndugu wa k-p-r wa Kiebrania uliotoa *Kippur*, jina la siku ile ile ya Walawi 16. Yaani Kiswahili, kwa njia ya Waarabu, kilipata neno la ukoo mmoja na neno la asili bila kupitia Ulaya. Na kama mwandishi anataka tu kusema kwamba mtu kasingiziwa, mtaani tunayo "kuangushiwa jumba bovu". Haina mbuzi wala kuhani, na kila mtu anaielewa.

SWALI (Vwawa, Songwe): "Mungu humsaidia anayejisaidia" iko kitabu gani na sura ya ngapi? Nimetafuta mpaka nimechoka.

JIBU: Umechoka kwa haki, maana haimo katika Biblia. Wazo ni la hekaya za Kigiriki zinazohusishwa na Aesop: mwendesha mkokoteni amekwama kwenye tope, anapiga magoti kumwomba shujaa Herakle, naye anaambiwa kwanza aweke bega lake kwenye gurudumu. Kwa maneno tuliyoyazoea lilichapishwa Uingereza katika kitabu cha Algernon Sidney mwaka 1698, na Mmarekani Benjamin Franklin akalieneza kwa kalenda yake ya 1736. Waislamu huliunganisha na Ar-Raad aya ya 11, kwamba Mungu habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Hilo ni la jirani, lakini si lile lile.

Kwa kuwa barua kama yako ni nyingi, hii ndiyo njia ya kutafuta isiyochosha. Tumia itifaki ya Biblia, kitabu kinachopanga maneno kwa alfabeti na kuonyesha mistari yanamotokea. Hupatikana kwenye maduka ya vitabu vya dini. Usianze na neno kubwa la msemo. Anza na neno *adimu*. Ukitafuta "ngamia kupenya tundu la sindano" kwa neno ngamia, utazama kwenye misafara ya Abrahamu, Yakobo na Ayubu. Tafuta "sindano", na mara moja utafika Mathayo 19:24, Marko 10:25 na Luka 18:25.

Ukitafuta kwa simu, andika neno moja tu, si sentensi. Sababu ni kwamba tafsiri hazikubaliani kwa viunganishi: moja huandika "tundu ya sindano", nyingine "tundu la sindano", na simu haijui kwamba ni kitu kimoja. Vilevile tafuta mara mbili, kwenye Union Version ya 1952 na kwenye Habari Njema, maana neno la zamani linaweza kuwa limebadilishwa kabisa. Ukikosa kote, jaribu kisawe: utajiri badala ya mali, hekima badala ya busara. Ukikosa tena baada ya visawe vitatu, karibu hakika msemo si wa Biblia.

Ukiupata, usisimame hapo. Soma mistari 10 kabla na 10 baada. Wengi hunukuu "fedha ni shina la mabaya". 1 Timotheo 6:10 inasema *kupenda* fedha. Neno moja limeanguka njiani na maana yote imegeuka: mwenye duka Mwanjelwa anahukumiwa kwa kuwa na fedha, wakati Paulo alikuwa anazungumzia tamaa.

Na kwa kuwa ngamia ametajwa: maelezo kwamba "tundu la sindano" lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ambalo ngamia alipita kwa kupiga magoti na kuvuliwa mizigo, yanapendeza mimbarini lakini hayana ushahidi wa karne ya kwanza. Sindano ni sindano. Wanafunzi wenyewe walishangaa na kuuliza, ni nani basi awezaye kuokoka? Lango la kupiga magoti lisingewashangaza. Qurani nayo, katika Al-Aaraf aya ya 40, inatumia mfano huo huo wa kisichowezekana.

SWALI (Makambako): Nafundisha watoto Jumapili. Goliathi alikuwa na urefu gani kwa mita, na niwachoreeje Daudi?

JIBU: 1 Samweli 17:4 inampa dhiraa 6 na shubiri 1. Dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimeta 45. Shubiri ni nusu yake. Mara 6 ni 270, ongeza 22, unapata karibu mita 2.9. Anagusa dari ya nyumba za kawaida.

Lakini kuna hesabu ya pili. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, na gombo la Samweli lililopatikana katika pango la 4 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1952, vinasema dhiraa 4 na shubiri, yaani karibu mita 2. Gombo hilo ni la kale kuliko nakala za Kiebrania zilizotumika katika Biblia zetu kwa karibu miaka elfu moja. Wataalamu wengi hulipa uzito. Mwalimu wa watoto anaweza kusoma kilichoandikwa kwenye Biblia iliyo mkononi mwao; akiulizwa na mtoto mkubwa, amweleze na hiyo ya pili. Mtu wa mita 2 mbele ya kijana mchungaji bado ni mlima.

Silaha ndizo za kuwapimia. Shekeli ni kama gramu 11.4. Dirii ya shekeli 5,000 ni kilo 57, mfuko wa saruji na zaidi kidogo, begani. Ncha ya mkuki ya shekeli 600 inakaribia kilo 7. Walete watoto mfuko wa mahindi, wajaribu kuuinua. Hawatasahau.

Kuhusu mchoro, kosa la kila siku ni kumchora Daudi ameshika manati. Manati inahitaji mpira unaovutika, na mpira wa namna hiyo ulipatikana karne ya 19. Daudi alitumia kombeo: kamba mbili zenye kipande cha ngozi katikati. Jiwe linawekwa kwenye ngozi, kamba zinazungushwa kwa kasi, kisha moja inaachiwa na jiwe linaruka. Aliokota mawe laini 5 kijitoni. Laini, kwa sababu jiwe lenye pembe hupinda njia hewani. Alitumia moja. Na jiwe halikufunga kazi: mstari wa 51 unasema alikwenda akauchomoa upanga wa Goliathi mwenyewe na kumkata kichwa nao. Katika Qurani (Al-Baqara 251) Daudi anamwua Jaluti, yaani Goliathi, bila urefu kutajwa.

KWA KIFUPI

*Ilula: "Msamaria mwema" yuko mstari gani?* Luka 10:30–37, ila neno "mwema" halimo; limeongezwa na wasomaji. Kwa Wayahudi waliomsikiliza Yesu, Msamaria alikuwa mtu wa kabila wasilochangamana nalo, na hapo ndipo penye uchungu wa mfano wenyewe.

*Njombe: Pilato ndiye aliyeanzisha kunawa mikono kukana lawama?* Anayesimulia kunawa kwa Pilato ni Mathayo peke yake (27:24). Desturi ni ya zamani zaidi: katika Kumbukumbu la Torati 21:1–9, maiti ikiokotwa shambani na muuaji hajulikani, wazee wa mji ulio karibu wananawa mikono juu ya ndama na kukana damu hiyo. Pilato, Mrumi, alitumia ishara ambayo umati uliielewa vizuri sana.

*Sumbawanga: Mamajusi walikuwa watatu?* Mathayo 2 haitoi idadi. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane.

*Mafinga: Maria Magdalena alikuwa kahaba?* Hakuna mstari unaosema hivyo. Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo 7. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri, alimuunganisha na mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 na Maria wa Bethania, na sifa hiyo mbaya ikamganda kwa miaka zaidi ya 1,300. Tumwondolee.

SWALI (Uyole, Mbeya): Abunuwasi wa hadithi aliwahi kuishi kweli?

JIBU: Aliishi, ila angewashangaza wanaomjua kwa hadithi peke yake. Jina lake ni al-Hasan bin Hani, aliyezaliwa Ahvaz, katika Irani ya leo, katikati ya karne ya 8, akalelewa Basra, akafia Baghdad karibu na mwaka 814. Alikuwa mshairi, na si wa kubahatisha: wajuzi wa Kiarabu humweka miongoni mwa wakubwa kabisa, hasa kwa mashairi ya mvinyo na ya mawindo. Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala 786 hadi 809, ni mtu wa zama zake kweli.

Hadithi za ujanja zilimfuata baada ya kufa. Katika Alfu Lela U Lela tayari ni mhusika, na misafara ya majahazi ikamfikisha Pwani, ambako mshairi alisahaulika akabaki mjanja. Hekaya nyingi zilizo chini ya jina lake ni za kuazima: ile ya sufuria iliyozaa kisha ikafa, Waturuki humsimulia Nasreddin, na Waarabu wana Juha wao. Njia rahisi ya kutambua ni kubadilisha jina. Kama hadithi haiharibiki ukimwita Juha, haikuanza na Abunuwasi.

SWALI (Tukuyu): "Hata wewe, Bruto?" ni maneno ya kweli ya Kaisari? Na huyu ndiye Kaisari wa "vya Kaisari mpeni Kaisari"?

JIBU: Maneno ni ya Shakespeare, katika tamthilia ya 1599, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*. Mwanahistoria Mrumi Suetonius, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baada ya mauaji, anasema Kaisari alikufa bila kutamka neno, ila wapo waliodai kwamba alimwambia Bruto, mmoja wa waliomuua, kwa Kigiriki, "Wewe pia, mwanangu?" Mwandishi Mgiriki Plutarko anasema alipomwona Bruto na jambia alijifunika vazi lake usoni, basi. Ilikuwa 15 Machi mwaka 44 KK, katika ukumbi wa Pompeyo, si Kapitoli kama jukwaani. Majeraha yalikuwa 23, na tabibu Antistio alipoyakagua aliona moja tu la kuua: la pili, kifuani.

Swali lako la mwisho ni zuri kuliko la kwanza. Si yeye. Juliasi alikufa karibu miaka 40 kabla ya Yesu kuzaliwa. Jina lake la ukoo liligeuka cheo, kila mtawala wa Roma akalivaa. Kaisari wa kuhesabu watu (Luka 2:1) ni Augusto. Wa sarafu ya kodi (Marko 12:13–17) ni Tiberio, aliyetawala mwaka 14 hadi 37 BK. Wa njaa kuu (Matendo 11:28) ni Klaudio. Paulo aliposema, "Nataka rufani kwa Kaisari" (Matendo 25:11), aliyekuwa kwenye kiti ni Nero, ingawa Luka hamtaji.

Wajerumani wakalitamka *Kaiser*, Warusi *tsar*. Kaizari ambaye bendera yake ilipandishwa Kalenga mwaka 1894, ambaye kilele cha Kilimanjaro kilibeba jina lake mpaka kilipoitwa Uhuru, na ambaye Msahafu wa Uthmani ulidaiwa kupelekwa kwake, yule wa kifungu cha 246 tulichoanza nacho juu, alikuwa anaitwa kwa jina la ukoo wa mtu aliyechomwa majambia Roma.